Kanda Lisilo na Bati

Mimi nilikwisha sema sitaki. Nilisema kwa mdomo, nikasema kwa simu, kisha nikanyamaza, na kunyamaza kwangu jamaa zangu wote wanakujua. Lakini Shatha, mjukuu wangu, binti wa mwanangu Yaqdhan, ana kichwa kigumu, sijui kakitoa wapi. Ati vijana wanakusanya kitabu, kila bibi aandike habari za skukuu za zamani zilivyokuwa na raha. Nikamwambia, skukuu hazijafa, mbona mshaanza kuzisomea hitima. Akacheka. Akaniletea kalamu na karatasi za mistari kama za mtoto wa darasa la kwanza, akazitua mezani, akenda zake.

Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma Unguja mpaka darasa la nne, la tano nililianza tu, mambo yakaharibika, watu wakatawanyika, na kusoma kwangu kukaishia pale. Naandika kama nnavyosema. Atakayeona herufi zimepinda ajue mkono ndio uliopinda, kichwa kiko sawa. Na wewe Shatha, Kiswahili unakisoma kwa kuchechemea, basi kaa na baba yako akusomee, wala asiruke mahala. Mahala pengine panamhusu yeye.

Hizo raha ntazisema upesi, kwa kuwa ndizo mlizoziomba, kisha ntasema langu.

Ramadhani ikifika kati, watoto walikuwa wakitoka na vijiwe mkononi, wakivigonganisha, wakipita mlango kwa mlango kuimba karankasho, na sisi tukiwatilia pipi na njugu ndani ya vifuko vyao. Mwaka huu, hapa Darsait, huku Omani, nilinunua pipi nikajaza bakuli, nikaliweka juu ya kiti karibu na mlango, na mlango nikauacha wazi. Katika jengo letu wamebaki Wahindi, Wamisri na mimi. Watoto wetu siku hizi wanapelekwa kwenye maduka makubwa wakaimbie huko, kuna mtu na kipaza sauti anawapanga safu. Zile pipi nimezila mwenyewe, na sukari yangu hii, daktari asisikie.

Halafu Idi ndogo, watoto wanagombania mkono wa Idi. Halafu habta, lile soko la kuelekea Idi kubwa, mbuzi wanalia huku, halua inauzwa kule, na kila mwanamme anajidai anamjua mbuzi kwa kumfunua meno. Na Idi kubwa yenyewe, ya Mfungo Tatu, ambayo bila ya shuwa ni siku kama siku nyengine.

Asiyejua shuwa nimwambie. Nyama ya mbuzi unaipaka viungo ikalala navyo, unaifunga kwa majani ya mgomba, unaitia ndani ya kanda la makuti lililoroweshwa maji, unashona mdomo. Siku ya Idi wanaume wanawasha moto ndani ya tanuri, nalo ni shimo refu lililojengewa mawe, shimo moja la ukoo mzima. Moto ukishakuwa makaa, makanda ya nyumba zote yanateremshwa humo pamoja, shimo linafunikwa kwa chuma, juu yake udongo, usitoke hata moshi. Siku ya pili linafukuliwa. Kila nyumba inachukua kanda lake, wala halifunguliwi pale, unakwenda kulifungua kwako, mbele ya watu wako.

Jamaa za marehemu mume wangu, Saud, ni watu wa Bustan, na tanuri lao liko huko. Kwao hao, nyumba yenye kanda ndani ya tanuri ni nyumba. Isiyo na kanda inapelekewa sahani. Na sahani, mwanangu, ni ya mgonjwa, au mfiwa, au jirani wa kupita.

Makanda yakitoka yote meusi, yamefanana kama mapacha. Kwa hivyo kila nyumba ina alama yake. Wenzangu wote wanafunga waya wenye kipande cha bati, mmoja kalitoboa tundu moja, mwengine tatu, mwengine kalikata pembe.

Nilipoolewa na Saud nilikuwa sijamaliza hata miaka miwili tangu nije kutoka Unguja. Yeye alikuwa dereva wa serikali pale Maskati penyewe, akiwapeleka wakubwa na kuwarejesha, mtu wa maneno machache. Kiarabu changu jamaa zake walikicheka mpaka wakashika mbavu. Idi ya kwanza mama mkwe wangu akanipa kipande cha bati, kakitoboa tayari.

Nikamwambia, "Mama, kwetu bati tunaezekea nyumba."

"Na kanda lako utalijuaje?"

"Ntalijua."

Nikakaa kitako, nikachana miyaa ya mtende, nikasuka ukili mwembamba kama nilivyofunzwa na mama yangu, una kifundo, kisha umenyooka, kisha vifundo viwili vimeshikana. Nikaushonea mdomo wa kanda ukazunguka wote. Mawifi wakasema utaungua. Wakasema Mzanzibari kalivisha kanda kilemba. Saud alilichukua, akalirowesha mwenyewe kwenye pipa, na nilimwona akiupitisha ule ukili kwenye vidole, taratibu, kama mtu anayevuta uradi.

Siku ya pili, makanda yamepangwa chini, meusi, moshi bado unatoka, wenzake wanasugua mabati waone tundu. Saud akainama, akapapasa la kwanza, la pili, akanyanyua la tatu. "Hili la Muhsina," akasema, akaondoka nalo. Ukili ulikuwa mweusi, lakini mzima.

Na ndani yake mlikuwa na kitu chengine changu. Wao nyama wanaitia siki. Mimi niliitia ukwaju. Walinung'unika, kisha wakarejea kwenye sinia langu mara ya pili na ya tatu, na mnung'unikaji mkubwa, shemegi yangu Musallam, mdogo wake Saud, ndiye aliyelamba vidole.

Basi hivyo miaka yote. Nikawazaa Yaqdhan na Hatem, nikawaoza, wakahamia huko Mabela kwenye nyumba zenye bustani, mimi nikabaki Darsait kwa kuwa sitaki kuhamishwa kama kabati. Wakati wa Idi kanda langu lilikwenda Bustan, likarudi mikononi mwa Saud, tukalifungua hapa hapa sebuleni, nyumba nzima ikanuka. Mpaka Saud akafariki, Mungu amrehemu.

Baada ya hapo Hatem ndiye aliyekuwa akinifuatia kanda. Alikuwa na haraka zake, kwa hivyo nyama aliileta juu ya sinia, keshaikata, kanda kalitupa huko huko. Idi ya kwanza bila ya Saud nikatia tonge mdomoni, nikamwambia, "Hatem, mbona ukwaju hausikiki?"

"Mama, umri huo. Hata ulimi unazeeka."

Idi iliyofuata, vile vile. Nyama laini, lakini ukwaju haumo, na mdalasini umejaa kama ugoro. Hatem akanitazama kwa huruma. "Si nilikwambia mama?"

Mimi ambaye hata wakisema mvua itanyesha natoa kichwa nje kwanza, hilo nililiamini. Nikasema basi, ulimi umekufa. Nikaanza kutia chumvi kwa hofu, leo nyingi, kesho hamna. Nikawa namwita Benedikta aje kunionjea mchuzi.

Benedikta ni mwanamke wa bara, wa Bukoba, anafanya kazi kwa Wamisri wa ghorofa ya juu. Mkristo, mcheshi, na anaongea kwa sauti kama yuko ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza nilipompa kijiko alinusa kabla ya kuonja.

"Sijakuwekea sumu," nikamwambia.

"Najua mama. Naangalia kama kuna ndizi."

"Katika mchuzi wa papa itoke wapi ndizi?"

"Basi ndiyo maana hauna ladha."

Mwaka huu, kabla ya Idi kubwa, Yaqdhan na Hatem walikuja wote wawili pamoja, na wakija pamoja najua kuna jambo. Yaqdhan akasema wanawapeleka watoto Unguja, Idi watakula huko, na tikiti yangu imo.

"Nikafanye nini?"

"Ukaone ulikozaliwa, mama."

"Nishapaona. Na kanda nani atalitia?"

Hatem akasema, "Mwaka mmoja tu, mama. Ami Musallam hatokosa kutuwekea chochote."

"Chochote hicho kinakuja juu ya sahani. Nendeni na watoto wenu. Kuna mtu lazima abaki nyumbani."

Yaqdhan akasema mimi mkaidi. Nikamwambia amechelewa kujua. Wakabusu kichwa changu, wakenda, na mlango ulipofungwa nikakumbuka sijawauliza wanaondoka siku gani.

Baadaye Musallam akapiga simu. Keshakuwa mzee naye, na tanuri ndiye analisimamia yeye.

"Mama Yaqdhan, kila mwaka na wewe u mzima. Mwaka huu usijisumbue. Vijana wako hawapo, na tanuri lenyewe dogo, maharusi wameongezeka, Loai wangu kaoa. Tutakuletea sahani yako nzuri."

"Nani kaumwa?"

"Hakuna aliyeumwa."

"Nani kafa?"

"Mama Yaqdhan."

"Basi sahani ya nini? Kanda langu litakuja."

Akashusha pumzi. "Mtu mmoja, kanda zima?"

"Nyumba moja, kanda moja," nikamwambia, nikakata simu kabla hajapata jibu.

Jambo langu ni hilo, msomaji, uliweke mbele yako usije ukalipoteza. Haikuwa nyama. Nyama mtu mmoja anakula kiasi gani? Ilikuwa nyumba ya Saud imo au haimo.

Nikapata mbuzi wangu, akachinjwa, nikapaka viungo, na ukwaju nikauvunja mwingi kwa makusudi, nikasema ulimi huu hata kama umekufa utafufuka. Ukili niliusuka kwa siku kadhaa, vidole vinanikatalia, napumzika, narudi. Siku ya Idi, baada ya kusalimiana kwa simu na nusu ya dunia, nikamwomba Benedikta anisaidie kulishusha kanda mpaka kwenye teksi. Akalibeba kichwani.

"Mama, hii inakwenda wapi?"

"Inakwenda kuzikwa."

"Kwetu Bukoba anazikwa mtu. Nyama inaliwa."

"Kwenu ndizi ndiyo nyama. Angalia ngazi."

"Na huu mkia wa kusuka ni urembo?"

"Ni jina langu."

Akaligeuza, akautazama ukili. "Jina refu," akasema. Hakucheka.

Bustan nilimkabidhi kanda Loai, mtoto wa Musallam, huyo aliyeoa. Alilipokea kwa mkono mmoja, mwengine umeshika simu sikioni, akaliweka kwenye safu na mengine. Nikarudi Darsait.

Siku ya pili nikenda tena. Sikuzoea. Zamani tanuri ni kazi ya wanaume, mimi nasubiri kwangu, kanda linakuja. Safari hii nilikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, ukutani kwa Musallam, na wanawake wamo ndani wanapanga masinia. Wananiheshimu, wamenipa kahawa na halua. Wanaongea Kiarabu cha haraka, mimi nafahamu chote, ila nikifungua mdomo wananisubiri kwa adabu, na adabu ile inachosha.

Tanuri likafunguliwa. Makanda yakatoka moja moja kwa ndoano, yanatoa moshi, vijana wanapiga kelele za ndani ya koo, wanacheka. Wakasugua mabati. La fulani hili, la fulani lile. Magari yakajaa, yakaondoka. Nilikuwa namtazama Loai na wenzake wakiyabeba mbio mbio, nikitafuta mdomo uliovimba kwa ukili, macho yangu haya na moshi ule, sikuona kitu. Mwishowe pale chini likabaki moja.

Musallam akalivuta mpaka miguuni kwangu, anahema. "Hili hapa, Mama Yaqdhan. Limebaki moja na wewe umebaki mmoja. Hisabu imekaa sawa."

Nikainama, nikapapasa mdomo. Bado la moto. Lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kununua, na kwenye uzi kuna kitu kimegandamana kama ulimbo.

"Silo langu."

"Ndilo lililobaki."

"Langu lina ukili."

"Ukili gani?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Mtu huyu kala nyama yangu tangu ndevu hazijamtoka.

"Alama yangu, Musallam. Ule niliosuka mdomoni. Saud alikuwa akiupapasa akajua."

Akajikuna shingo. "Wallahi sijui habari hiyo. Sisi siku zote tunajua wewe hutii bati. Basi lisilo na bati ndilo lenu. Tunachukua yetu, linalobaki bila ya bati tunasema hilo la Saud."

Kuna maneno mtu anakwambia bila ya ubaya wowote, tena kwa upole, ukakosa pa kuyaweka. Miaka yote ile nasuka, nachagua miyaa, nafunga vifundo kwa mpango, nikidhani ukoo mzima unanisoma. Kumbe aliyekuwa akinisoma ni mtu mmoja. Wengine waliniona mimi ni pale pasipokuwa na kitu.

Nikauliza, "Na miaka hii miwili ya Hatem?"

"Hatem alikuwa akija mwisho, mtoto wa watu ana shughuli. Anachukua linalobaki. Siku hizi maharusi nao hawatii bati, wanatia vitu vyao vya madukani vinaungua, basi pengine yanabaki mawili, matatu. Ikiwa yamepishana, nyama ni nyama, dada yangu. Tumekula sisi kwa sisi."

Hapo ndipo nilipofahamu kuhusu ulimi wangu. Ulikuwa mzima. Miaka miwili nimeonjewa mchuzi na mtu wa Bukoba, na ulimi mzima.

Ningetakiwa nifurahi. Nilikaa tu pale kwenye kiti cha plastiki.

Musallam si mtu mbaya. Akapeleka habari nyumba ya pili, kwa Loai, na baada ya muda akaja mkewe, Shahad, binti mdogo, macho makubwa, kashika sahani kwa mkono mmoja na kitu kimefunikwa kitambaa kwa mkono wa pili. Kiarabu chake nakiandika kwa Kiswahili.

"Mama, nisamehe. Kanda letu nilitia kikaratasi cha plastiki kina majina yetu kwa herufi za dhahabu, kilikuwa kizuri. Loai alipokwenda hakukiona."

"Kimekuwa ulimbo."

"Akaona moja halina bati, akasema hili letu."

"Na nyama?"

Akatazama chini. "Tumekula, mama. Loai alikuwa na wageni. Wamefika mpaka kwenye mfupa. Hichi ndicho kilichobaki."

Akanipa sahani. Ndani yake mna kipande kimoja kimeshikana na mbavu. Nikaona basi, leo nimepelekewa sahani, tena ya nyama yangu mwenyewe.

Nikatia kidole, nikakitia mdomoni. Ukwaju ulikuwemo. Ulikuja taratibu, nyuma ya pilipili, pale pale pake.

Shahad akasema, "Loai ameniuliza nimetia nini. Anasema hajapata kula kama hii tangu alipokuwa mdogo."

"Ukamwambiaje?"

Masikio yakamwiva. "Nimemwambia ni siri."

Musallam akageuza uso, nikaona mabega yanamcheza. Hata mimi, na hasira zangu, nilijizuia. "Vizuri," nikamwambia. "Siri yako ni ukwaju. Uiweke."

Kisha akafunua kitambaa. Alikuwa ameukata ule mdomo wa kanda langu, kaukosha, kaukausha na taulo, mweusi tititi na vifundo vyake vyote. "Nilidhani Loai ndiye aliyeliongezea pambo. Nilitaka kuutundika. Mama, umeufanyaje usiungue? Nifunze."

Nikauchukua, nikauviringisha, nikautia ndani ya mkoba wangu.

"Huu wa nyumba ya Saud," nikamwambia. "Wewe wa nyumba ya Musallam. Kafunge bati."

Najua lilikuwa jibu gumu. Uso ulimshuka. Lakini lilikuwa la kweli, na kweli yangu mimi siipaki sukari.

Kanda lao nilirudi nalo Darsait, kwa kuwa nyumba lazima irudi na kanda. Dereva wa teksi akanipandishia. Nikalifungua sebuleni, juu ya mkeka, mahala pale pale, nikakaa upande wangu, na upande wa pili hakuna mtu. Harufu ilikuwa ya plastiki kidogo. Nyama ya watu wengi. Nikatandaza masinia mawili, kisha moja nikalirejesha jikoni.

Benedikta alipopumzika akashuka. "Shikamoo mama. Idi njema. Maiti amefufuka?"

"Marahaba. Kaa ule."

Akala matonge mawili, akanitazama. "Mama, niseme?"

"Haina chumvi," nikasema mimi.

"Haina." Akatua tonge. "Umeionja mwenyewe?"

"Nimeionja mwenyewe. Kuanzia leo mchuzi wangu huonji tena."

"Ndiyo kusema nimefukuzwa kazi?"

"Utakuja kula. Kuonja basi."

Akacheka, akataka kusema kitu, lakini wale Wamisri wakamwita kutoka juu, mtoto kaamka. Akachukua mfupa mmoja mkononi akapanda nao.

Ndipo simu ikalia, ile ya picha. Ulikuwa wewe Shatha. Nyuma yako Forodhani, watu wamejaa, kelele, watoto na nguo mpya, Hatem kashika pweza kwenye kijiti. Ukanambia, "Bibi, tazama, tuko kwenu." Ukaigeuza simu nione, ukaigeuza upesi mno, nikaona taa, nikaona bahari kidogo, na ukuta mmoja nilidhani naujua, kisha nikauona uso wako tena.

Hatem akaingiza kichwa. "Mama, shuwa imetokaje? Ulimi umepona?"

"Umepona," nikasema.

"Si nilikwambia upumzike tu."

Ukaniomba nikuonyeshe nyama. Nikaielekeza simu kwenye sinia, karibu, pasionekane upande wa pili wa mkeka. Ukasema mashaallah, bibi, nyingi. Nikasema ndiyo, nyingi. Halafu mtandao ukakatika, au mlikata, sijui, uso wako ukabaki umesimama pale mdomo wazi, mpaka kioo kikazimika.

Nyama niliyobaki nayo niliigawa kwa jengo zima. Wahindi wa chini hawali nyama, wakaipokea kwa adabu. Nilipita mlango kwa mlango na sahani, mimi.

Sasa mshaipata habari ya skukuu. Mlitaka raha, zimo humo, zitafuteni. Mimi sikuandika ili niingie kitabuni. Shatha, sikiliza, na baba yako akusomee pole pole. Ule ukili mweusi nimeutundika nyuma ya mlango wa jikoni. Miyaa mipya nimekwisha ichana, nimeirowesha ndani ya beseni la buluu, na miyaa ikikaa sana majini inaoza. Njoo. Usipige simu, usiniletee ile mioyo myekundu ya kwenye simu, usije na keki. Njoo na vidole. Utakaa hapa kitako, kifundo kimoja, unyooke, vifundo viwili vimeshikana, mpaka ukiupapasa kwa macho yamefumbwa useme huu wa nani.

Shahad keshapiga simu mara mbili kuuliza kama hasira zimenitoka. Sijamjibu bado. Ikiwa miyaa itaanza kunuka na wewe hujafika, ntamjibu aje nimfunze yeye, na tangu siku hiyo kanda la nyumba ya babu yako litafunguliwa Bustan kwa Loai, nanyi mtapelekewa sahani. Mlango wangu unaujua. Nimeuacha wazi.